Safu ya Maelezo

Jumatatu asubuhi tulitangaziwa kwamba seva ya zamani ya idara itazimwa Ijumaa saa kumi jioni, na kila mtu ahamishe mafaili yake mwenyewe. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wangu, mlango wa karani, kana kwamba mimi ndiye niliyeiua. Nililibandua, nikalisoma, nikalibandika tena likiwa limepinda. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Mume wangu husema wenzangu huweka akiba benki, mimi naweka vinyongo.

Seva yenyewe ni kompyuta kama kompyuta nyingine, ila haizimwi, na unachokipakia humo mtu yeyote mwenye mtandao anaweza kukisoma popote alipo. Yetu ilikaa chini ya meza yangu miaka ishirini na mbili. Wakati wa baridi ilinipasha miguu joto, wakati wa joto ilinikosesha raha. Nimeipiga teke mara nyingi kuliko nilivyompiga kiumbe yeyote, na haikuwahi kuninunia. Ilipoletwa, idara nzima ya jiografia ilikuja kuishangaa. Maprofesa walisimama na vikombe vya chai wakasikiliza feni yake inavyovuma, mmoja akauliza kama inakula sana umeme, mwingine akauliza kama inauma.

Kitengo cha kompyuta kilituletea mwanamke mmoja wa kusimamia uhamisho. Tunamwita Bi Kebo, kwa sababu hajawahi kuonekana bila waya mabegani. Alivuta kiti akakaa kando yangu.

"Dada, seva mpya haipokei kitu kwa macho yaliyofumbwa," alisema. "Unafungua faili, unalisoma, unaandika kwenye hiki kisanduku linahusu nini, ndipo unapakia. Moja moja."

"Sawa."

Akashuka na orodha yangu, akasimama. "He! Na haya ya mvua? Mia nne na sabini na moja? Haya si uyaache tu? Mkuu wa idara amesema lile jedwali la jumla linatosha, tarakimu zote zimo."

"Aliyeyapakia ni nani, mimi au mkuu wa idara?"

"Ni wewe, dada."

"Basi nitayafungua yote mia nne na sabini na moja."

Nisijisifu. Saa ile sikuwa na mapenzi yoyote na mafaili yale. Ni vile tu sipendi kuambiwa cha kuacha.

Mafaili ya mvua yalikuwa ya baba yangu. Baba alikuwa mpimaji wa idara, na kwa kazi hiyo wote walimwita Mzee Milimita. Juu ya paa la idara kulikuwa na kipimo cha mvua, kopo la shaba lenye mdomo mpana, na kila siku ya Mungu saa tatu asubuhi alipanda ngazi, akamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, akainama macho yakawa sawa na maji, akasoma. Hata kama haikunyesha alipanda. Alisema sifuri nayo ni kipimo, na mtu asiyepanda kuiangalia hana haki ya kuiandika.

Profesa mzee aliyeanzisha idara alikuwa ameweka sheria moja: anayepima hapakii, anayepakia hapimi. Aliogopa mtu mmoja akishika yote mawili atapika tarakimu. Kwa hiyo baba alichapa vipimo vyake kwenye kompyuta ya stoo, siku saba kuanzia Jumamosi hadi Ijumaa, akaviweka kwenye disketi, na Ijumaa akaniletea. Mimi nilitakiwa nifungue faili, nilisome mstari kwa mstari, nilipakie kwenye seva, kisha niandike kwenye daftari la kupakia neno moja, "Imesomwa", na sahihi yangu. Disketi niliiweka kwenye sanduku, haikurudi kwake.

Faili lilikuwa na safu tatu. Tarehe, milimita, na maelezo. Ukurasa wa mtandao ulionyesha mbili za kwanza tu. Aliyeutengeneza alisema maelezo hayana mteja. Na sasa niseme ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu. Kwa miaka tisa niliandika "Imesomwa" na sikusoma hata faili moja. Nani akae asome mvua? Niliburuta, nikapakia, nikatia sahihi, nikaendelea na chai yangu.

Kila Ijumaa baba aliweka disketi mezani na kuuliza, "Ya wiki iliyopita umesoma?"

"Nimesoma, baba."

Na kwa miaka mingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote, pamoja na shikamoo na marahaba.

Kisa kilikuwa harusi yangu. Nilitaka kuolewa na dereva wa basi la chuo, baba akakataa kwa sababu dereva alikuwa ameshaoa na kuachana. "Dereva aliyepindua nyumba ya kwanza atapindua na ya pili," alisema, na neno hilo likazunguka chuo kizima hadi likamfikia mwenyewe dereva. Tukaendelea na mipango. Siku ya harusi, Jumamosi, mama alikuja peke yake na ujumbe mfupi: baba yupo kazini, kipimo hakijui Jumamosi. Baba mdogo ndiye aliyesimama pale alipotakiwa asimame baba. Ukumbi ulikuwa ng'ambo ya uwanja tu, na niliposhuka garini niliona paa la idara, na mtu mmoja juu yake. Nilimpa kisogo. Picha zote za harusi nimekunja uso, na watoto wangu hucheka wakiziangalia.

Tulipatana baadaye, kama watu wengi wanavyopatana, yaani bila kulitaja. Watoto walizaliwa, baba akastaafu, mama akatangulia mbele za haki, baba akahamia kwetu kwenye chumba cha uani. Nampikia, namfulia, namkata kucha. Yeye na dereva wangu hubishana habari za mpira kama ndugu waliochangia ziwa. Lakini moyoni nilibaki na kitu kimoja. Nilitaka aniambie amekosea. Mara moja tu, kwa mdomo wake. Nimelisubiri neno hilo miaka ishirini na moja, na naapa kuna siku nilikuwa namkorogea uji huku nalisubiri.

Sasa baba ana miaka sabini na sita, na kumbukumbu inamvuja. Anajua jina langu, anajua mlango wa choo ulipo, lakini kila jioni nikirudi ananiuliza, "Leo imenyesha ngapi?" Nami hujibu, "Sijui, baba, mimi si wingu." Daktari ametuambia kilichoondoka tusikitegemee kurudi. Nilipiga hesabu yangu mwenyewe: siku zikienda hivi, hata akija kutaka kuniomba radhi, kosa lenyewe atakuwa amelisahau. Nitabaki nalo peke yangu.

Basi nikaanza kufungua. Orodha ilipanga mapya juu na ya kale chini, kwa hiyo niliingia kwa mlango wa nyuma, kutoka wiki ya kustaafu kwake nikirudi zamani. Nilikusudia kuangaza macho na kupita. Faili la tatu likanisimamisha.

"0.0. Kunguru amekalia kipimo. Nimemfukuza. Amenitukana."

Nilicheka peke yangu hadi Bi Kebo akageuka. Baba yangu, mtu ambaye maneno kumi kwake yalikuwa hotuba! Nikashuka mstari mwingine, na mwingine. "6.2. Jani limeziba mdomo wa kopo, kipimo cha leo kisiaminiwe sana. 0.0. Kunguru yule yule. Sasa tunasalimiana. 11.0. Profesa amepanda kuniuliza kama itanyesha kesho. Nimemwambia mimi napima iliyonyesha."

Jumanne nilifunga mlango. Jumatano nilikuja na chakula nisitoke. Ilikuwa kama kupita kwenye korido za zamani na taa zimewashwa. Kulikuwa na mhadhiri aliyekuwa akija stoo kulala usingizi wa mchana juu ya ramani. Kulikuwa na siku umeme ulipokatika wiki nzima, baba akachapa vipimo kwa taipureta akaniletea karatasi, na mimi nikapiga kelele kwamba karatasi haiingii kwenye seva. Kwenye faili lililofuata alikuwa ameandika: "3.4. Karani wetu ana sauti ya mama yake."

Na nilikuwemo sana, kuliko kunguru. "0.0. Amepunguza mwili. Mama yake nimwambie ampelekee maziwa." "18.1. Ametoka bila mwavuli. Nimeuacha wangu mlangoni kwake." Nakumbuka ule mwavuli. Nilidhani umesahauliwa na mwanafunzi, nikautumia miaka miwili. "14.6. Mjukuu wa kiume. Kilo tatu nukta moja." Na siku moja, bila sababu yoyote: "0.0. Mkwe amesimamisha basi zima kumvusha bibi mmoja barabara. Dereva mzuri." Nilikaa na mstari ule muda mrefu. Kumbe alikuwa ameshamsifu dereva wangu, kwa maandishi, na mimi nikatia sahihi kwamba nimesoma.

Ijumaa saa tisa alasiri nilikuwa nimebakiwa na mafaili ishirini ya chini kabisa, ya miezi ya kwanza. Bi Kebo alikuwa amekwisha kung'oa nusu ya waya za chumba. Nikafungua wiki moja nikakuta jambo la ajabu.

"Jumamosi, 0.0. Nasubiri.
Jumapili, 0.0. Nasubiri.
Jumatatu, 1.2. Disketi haijarudi.
Jumanne, 0.0. Haijarudi.
Jumatano, 0.0. Haijarudi. Namshukuru Mungu.
Alhamisi, 4.0. Amenisalimia vizuri.
Ijumaa, 0.0. Yamekwisha. Sitalitaja tena, asije akadhani natonesha kidonda."

"Huyu mzee alikuwa bahili wa disketi," nilimwambia Bi Kebo. "Anamshukuru Mungu kwa disketi!" Tukacheka. Nikalipakia, nikafungua linalofuata, la wiki ya nyuma yake. Tarehe ya mstari wa kwanza niliijua kabla ya kuisoma. Ni tarehe ya harusi yangu.

"Jumamosi, 0.0. Anga safi. Siku nzuri ya harusi. Kipimo kilikwisha saa tatu na dakika tano. Nimekaa juu hadi saa kumi. Kutoka huku ukumbi unaonekana. Sikuwa na kazi yoyote huku."

Jumapili, Jumatatu na Jumanne zilikuwa tarakimu tupu. Kisha Jumatano:

"2.4. Mama, najua hili utalisoma kabla ya kulipakia, maana ndiyo kazi yako na wewe kazi yako unaifanya. Nimekosea. Niliona aibu kuja nikiwa nimeshakataa mbele ya watu, nikajificha nyuma ya kopo la mvua. Nimetaka kukwambia kwa mdomo mara tatu, nikafika mlangoni kwako ukanikunjia uso, nikarudi. Naomba radhi kwako na kwa mume wako. Kama bado una hasira nirudishie disketi hii, nitaelewa, nami nitajaribu tena. Ukiibakiza, nitajua umenisamehe, na hutahitaji kusema neno."

Sikulia mara moja. Kwanza nilikasirika, na nilitafuta wa kumkasirikia nikakosa. Disketi haikurudi! Ingerudije? Disketi hazikuwa zikirudi. Mtu mzima, mpimaji, mtu wa nukta na desimali, akaacha msamaha wake mikononi mwa kisanduku cha disketi. Ila na mimi, je? Angalau yeye aliandika. Mimi nilikuwa na wajibu mmoja kwa wiki, kusoma mistari saba, na ningeisoma nisingemkorogea mzee wa watu uji wenye kinyongo miaka yote hii. Ndipo machozi yakaja, na yalipokuja hayakuuliza nani yupo chumbani.

"Dada?" Bi Kebo aliinuka. "Dada, kuna nini?"

Nilimwonyesha kioo cha kompyuta kwa kidole. Yeye alitazama saa, si maandishi. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini.

"Pakia tuendelee," alisema kwa upole.

Nikapakia. Seva mpya ikalikataa. Nikajaribu tena, ikalikataa tena, na mstari mwekundu: maelezo yamezidi urefu unaoruhusiwa.

"Ah, ni ile safu ya tatu," alisema Bi Kebo. "Mwisho herufi mia moja. Kata mwishoni, bakiza tarakimu. Mvua itakuwa imeokoka."

"Kata mkono wako kwanza."

"Dada, tuna dakika thelathini na tano, na una mafaili kumi na sita nyuma."

"Basi soma. Soma unachoniambia nikate."

Alivuta kiti. Alisoma akiwa na waya bado begani, midomo ikichezacheza. Alipofika mwisho alirudi juu akasoma tena. Kisha akaniuliza, "Ukamrudishia?"

"Sikusoma. Hata siku moja sikusoma."

Bi Kebo hakuniambia pole, na ninamshukuru kwa hilo. Alishusha waya zake sakafuni, akavuta kibodi, akaingia mahali ambapo mimi siruhusiwi kuingia, akaanza kuandika haraka. Alimpigia mtu simu, akagombana naye, akakata. Saa ya ukutani ilikuwa inatembea kama inayotafuta ugomvi. Kulikuwa na mafaili mengine kwenye folda yangu, kumbukumbu za vikao, ratiba, barua za miaka ishirini. Niliyaangalia na nikaona liwalo na liwe.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili akasema, "Jaribu sasa."

Nilibofya. Ule mstari wa kijani ulitambaa, ukasimama katikati, ukatambaa tena. Likapokelewa. Yale kumi na sita ya mwisho tulisaidiana, yeye anasoma kwa sauti, mimi napakia, na la mwisho liliingia zikiwa zimebaki dakika mbili.

"Ukurasa mpya unaweza kuonyesha safu zote tatu," alisema. "Niiweke wazi na hii?"

Nilifikiri. Kunguru ningependa dunia imwone. "Hapana. Iwepo, ila isionekane. Kama ilivyokuwa."

Kwenye kisanduku cha kueleza faili la wiki ile linahusu nini, nilikuwa nimeandika tu: vipimo vya mvua, siku saba. Saa kumi kamili Bi Kebo akainama chini ya meza yangu, akabonyeza kitufe, na ile feni ikapunguza sauti taratibu mpaka chumba kikawa na kimya nisichokizoea. Niligusa sanduku lake. Lilikuwa bado na joto.

Kabla ya kuondoka nilifungua kabati nikatoa daftari la kupakia la mwaka ule. Ukurasa wa tano, mstari wa tatu, wino wa bluu: tarehe, namba ya faili, "Imesomwa", na sahihi yangu kubwa ya bibi harusi wa wiki moja. Kwenye sanduku la disketi, la kumi na saba kutoka mwanzo, nilikuta disketi yenyewe. Niliitia kwenye mkoba.

Nyumbani baba alikuwa amekaa kibarazani, dereva wangu akimmenyea chungwa. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kiti kidogo karibu na magoti yake.

"Leo imenyesha ngapi?" aliuliza.

Njiani nilikuwa nimepanga kumwambia yote. Nilipanga kumwambia sikusoma, kwamba nilikuwa na hasira naye hata jana, kwamba kinyongo hiki nimekibeba bure. Hasira hasara, nilitaka aijue hasara yenyewe ni kubwa kiasi gani. Badala yake nilitoa disketi nikamwekea kiganjani.

Aliigeuza. Alipitisha kidole kwenye lebo, kwenye tarehe aliyoiandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa kubana. Nilidhani hataijua. Macho yake yalikaa pale muda mrefu, kama zamani alipokuwa akiinama kusoma maji kwenye bilauri.

"Hii hukuirudisha," alisema.

Dereva wangu alisimamisha kisu.

"Sikuirudisha, baba."

"Nilisubiri siku tano."

"Nilisoma, baba. Nimesoma yote."

"Najua umesoma," alisema, kwa uhakika wa mtu anayejua binti yake kazi yake anaifanya. Akanirudishia disketi, akapokea kipande cha chungwa kwa mkwewe, akatafuna polepole. Kisha uso ukamtulia tena, akanigeukia kama ndiyo kwanza nimeingia.

"Leo imenyesha ngapi?"

"Sifuri nukta sifuri, baba," nilimjibu. "Anga safi."

"Ulipanda kuangalia?"

"Kesho saa tatu nitapanda."